Injini mbovu na fidia za mashirika ya ndege: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Kisumu

Tangu Agosti 2025, Kenya Airways ilipotangaza hasara ya takriban shilingi bilioni 12 kwa miezi sita ya kwanza ya mwaka, simu yangu haijatulia. Wanachama wa chama chetu cha uwekezaji, wengi wao walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa Kibuye na Kondele, huniuliza jambo lile lile kwa namna nyingi: ikiwa injini ni mbovu, si aliyeitengeneza alipe? Mimi ni mhasibu, na swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu Serikali ya Kenya ina karibu asilimia 49 ya hisa za shirika hilo. Hata asiyewahi kupanda ndege ana pesa zake mle kupitia kodi. Nimeyakusanya maswali hapa, mengine kama yalivyoulizwa.

Injini hizi zina ubovu gani hasa?

Kuna visa vitatu, na watu huvichanganya.

Kisa kikubwa zaidi ni cha Pratt & Whitney, kampuni ya Marekani iliyo chini ya RTX. Injini zake za familia ya GTF hufungwa kwenye ndege aina ya Airbus A320neo na A220. Ndani mna gia inayoifanya feni ya mbele izunguke polepole kuliko turbini inayoiendesha, na hapo ndipo mafuta yanapookolewa. Wengi hudhani gia ndiyo iliyoleta balaa. Hapana, gia ilifanya kazi yake. Balaa lilitoka kwenye diski, yale magurudumu mazito ya chuma yanayobeba mapanga ya turbini katika sehemu yenye moto mkali. Diski hizo hutengenezwa kwa unga wa aloi ya nikeli unaoshindiliwa kwa joto na nguvu kubwa. Julai 2023, RTX ilitangaza kwamba unga uliotumika kutengeneza diski kati ya mwisho wa 2015 na robo ya tatu ya 2021 ulikuwa na chembe za uchafu. Chembe moja isiyoonekana kwa macho yaweza kuanzisha ufa, na diski inayozunguka kwa kasi ile ikipasuka, vipande vyake hutoboa ganda la injini na kutoka nje.

Dawa yake ni moja: kuishusha injini, kuifungua yote na kuipima kwa mawimbi ya sauti. Septemba 2023 kampuni ilikadiria kwamba injini 600 hadi 700 zaidi zingeshushwa kufikia 2026, na kwamba injini moja ingechukua siku 250 hadi 300 tangu ishuke hadi irudi kwenye bawa. Wastani wa ndege 350 zingekaa chini kila mwaka kwa miaka mitatu. Hebu fikiri mwenye matatu kuambiwa gari lake litatoka gereji baada ya miezi kumi.

Kisa cha pili ni cha Rolls-Royce ya Uingereza na injini yake Trent 1000 inayofungwa kwenye Boeing 787. Kuanzia 2016 iligunduliwa kwamba mapanga ya turbini yanaliwa na kutu ya salfa mapema mno, na baadaye nyufa zikaonekana kwenye sehemu ya kushindilia hewa. All Nippon Airways ya Japani ilikuwa miongoni mwa walioumia kwanza.

Kisa cha tatu hakina kasoro moja ya kunyooshea kidole. Baada ya Uviko-19 karakana za injini duniani zilijaa, vipuri vikaadimika, na hata injini isiyo na ubovu wa kuzaliwa ikawa inasubiri foleni ya miezi.

Kwa hiyo hasara ya Kenya Airways imesababishwa na mtengenezaji?

Ndiyo kwa upande mmoja, na si kwa jinsi watu wanavyodhani. Dreamliner za Kenya Airways ni Boeing 787-8 zenye injini za GEnx kutoka GE ya Marekani. Hazina diski za Pratt & Whitney wala mapanga ya Rolls-Royce. Shirika lina Dreamliner 9, na katika nusu ya kwanza ya 2025 tatu kati ya hizo zilikaa chini kwa sababu ya uhaba wa injini na vipuri. Mapato yakashuka kwa asilimia 19.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika hesabu. Diski yenye uchafu ni kosa la kiwandani. Mwenye kiwanda amekiri hadharani na kutenga pesa. Foleni ya karakana ni jambo gumu zaidi kulidai, kwa maana lazima uonyeshe kwamba mkataba wako ulikuahidi siku kadhaa na siku hizo zikapita. Mtu akikwambia barazani kwamba "wazungu watalipa yote," muulize ni kifungu gani cha mkataba.

Ndege ikiegeshwa si inaokoa mafuta? Hasara inatoka wapi?

Hili aliniuliza mwanachama mwenye Nissan mbili zinazopiga ruti ya Kisumu–Busia, na jibu analo mwenyewe. Gari lake likilala gereji, halinywi mafuta, kweli. Lakini mkopo wa Sacco hausimami. Bima inaendelea. Stesheni wanamdai. Dereva mzuri akikaa wiki tatu bila kazi anahamia gari la mwingine. Na abiria wa kila asubuhi wamezoea kupanda kwa jirani.

Ndege ni hivyo hivyo, ila tarakimu ni za kutisha. Ndege nyingi ni za kukodi, na mikataba ya kukodi ndege ina sharti ambalo naliona kali kuliko yote: kodi hulipwa kila mwezi, ndege iruke isiruke, injini iwepo isiwepo. Aliyekodisha hahusiki na ugomvi wako na mwenye injini. Marubani wa aina hiyo ya ndege wanalipwa mshahara, na ni lazima waendelee kufanya mazoezi ili leseni zao zisiishe. Uwanja unatoza ada ya kuegesha. Shirika lisipotaka kupoteza abiria wake, linakodi ndege ya mwingine pamoja na marubani na wahudumu wake, kwa bei ya mtu anayejua una shida.

Kisha kuna gharama isiyoandikwa popote kwa jina lake: safari ambayo haikuuzwa. Kiti cha Jumatatu hakiuziki Jumanne.

Kwa nini basi mtengenezaji asilipe hasara yote?

Kwa sababu shirika lilitia saini kwamba hatalipa yote.

Biashara ya injini ina mpangilio wake. Injini yenyewe mara nyingi huuzwa kwa punguzo kubwa, hata kwa hasara, na mtengenezaji hurudisha pesa zake kwa miaka 20 au 25 ya matengenezo na vipuri. Mashirika mengi hulipia matengenezo hayo kwa kila saa ambayo injini imeruka. Mtindo huo ulianza 1962 kwa kampuni ya Uingereza iitwayo Bristol Siddeley, ambayo baadaye ilinunuliwa na Rolls-Royce. Mantiki yake ni nzuri: injini isiporuka, mtengenezaji naye hapati kitu, basi wote wanataka iruke.

Ila ndani ya mikataba hiyo mna mipaka. Kwa kawaida mtengenezaji huahidi kutengeneza au kubadilisha kilichoharibika, na hukataa kubeba hasara inayofuata baadaye, yaani mauzo yaliyopotea, abiria waliohama, sifa iliyoharibika. Wakati wa kununua, shirika linatazama punguzo la bei na kushangilia. Kifungu cha fidia hakisomwi kwa umakini ule. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu ndivyo tulivyo hata sisi: tukinunua mashine ya kusaga tunabishana siku tatu kuhusu bei, na waranti tunaisoma siku ukanda unapokatika.

Tatizo linapokuwa kubwa kama la 2023, mtengenezaji hulegeza masharti hayo ili asipoteze wateja. Hapo ndipo mazungumzo ya fidia huanza, na nguvu ya kila shirika ni tofauti. Mwenye oda ya ndege mia tano anasikilizwa kabla ya mwenye nne. Makubaliano mengi huwekwa siri.

Fidia yenyewe ni pesa taslimu?

Mara nyingi siyo, na hapa ndipo ningependa kila msomaji atulie.

Sehemu kubwa ya fidia hutolewa kama vocha: kiasi fulani utakachokatwa kwenye bili zako za matengenezo, vipuri au injini mpya. Nyingine huja kama injini ya akiba ya kutumia kwa muda. Vocha ina thamani, sikatai. Lakini mshahara wa mhudumu haulipwi kwa vocha ya Pratt & Whitney, wala kodi ya ndege, wala mafuta. Shirika laweza kuandika fidia nzuri vitabuni na likakosa fedha za mwisho wa mwezi.

Spirit Airlines ya Marekani ilikubaliana na upande wa Pratt & Whitney Machi 2024. Makubaliano yalikadiriwa kuipa kati ya dola milioni 150 na milioni 200, zikihesabiwa kwa siku ambazo ndege zake hazikuweza kutumika. Novemba mwaka huo huo ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na Agosti 2025 ikaomba tena. Ilikuwa na madeni mengine mazito, na muungano wake na JetBlue ulikuwa umezuiwa mahakamani Januari 2024, kwa hiyo siwezi kusema injini peke yake ndiyo iliyoiangusha. Ninachosema ni kwamba fidia haikutosha kuisimamisha.

Go First ya India ndiyo inayonisikitisha zaidi. Karibu nusu ya ndege zake za A320neo zilikuwa zimekaa chini. Ikaenda kwenye usuluhishi Singapore na ikashinda: msuluhishi wa dharura aliamuru ipewe injini 10 kufikia mwisho wa Aprili 2023, na nyingine 10 kila mwezi hadi Desemba. Injini hazikufika. Pratt & Whitney nayo ilidai kwamba shirika hilo lilikuwa na historia ndefu ya kutolipa madeni. Mei 2, 2023 Go First ikajipeleka yenyewe kwenye ufilisi, na Januari 2025 ikaamriwa mali zake ziuzwe. Walikuwa na hukumu mkononi na hawakuwa na muda.

Kuna shirika lililowahi kurudishiwa hasara yake yote?

Sijaona hesabu zinazoonyesha hivyo. Mfano ninaoupenda kwa uwazi wake ni Air New Zealand, iliyopigwa pande mbili: A320neo na A321neo zake zina injini za Pratt & Whitney, na Boeing 787 zake zina Trent 1000. Kuna wakati ndege 11 zilikuwa chini. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2025 ilipata faida ya dola za New Zealand milioni 189 kabla ya kodi, na ndani ya hizo fidia ilikuwa milioni 129. Kisha shirika lenyewe likaeleza kwamba, hata baada ya fidia hiyo, ndege zake zingeruka zote kama ilivyopangwa lingepata takriban milioni 165 zaidi.

Soma tena tarakimu hizo. Ukiondoa fidia, faida inabaki milioni 60. Na bado kuna pengo. Natamani kila shirika linalotumia fedha za umma liandike sentensi kama ile ya mwisho katika ripoti yake.

Mtengenezaji mwenyewe anazitoa wapi pesa hizo?

RTX ilikadiria gharama ya jumla ya hadi dola bilioni 7, ikiwemo kazi ya karakana na fidia kwa wateja. Injini hiyo ina wabia, na RTX hubeba asilimia 51. MTU ya Ujerumani na kampuni za Japani hubeba sehemu zao, na MTU pekee ilitarajia kupoteza takriban yuro bilioni 1 katika hesabu za 2023. RTX ilipunguza mauzo yake ya robo ya tatu ya 2023 kwa dola bilioni 5.4, kwa kuwa pesa unazomrudishia mteja huhesabiwa kama mauzo ambayo hukuyapata. Ni kampuni kubwa, inauza pia silaha na vifaa vya ndege. Iliumia, ikaendelea.

Na ndugu zetu wa Tanzania?

Air Tanzania inaendesha Airbus A220-300 zenye injini za Pratt & Whitney, na tangu 2022 baadhi yake zimekaa chini kwa vipindi virefu zikisubiri injini. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza kwamba hasara ya shirika ilipanda kutoka shilingi za Tanzania bilioni 56.64 mwaka 2022/23 hadi bilioni 91.8 mwaka 2023/24, na ndege kukaa bila injini ni mojawapo ya sababu. Shirika dogo lenye ndege nne za aina moja likipoteza mbili, limepoteza nusu ya aina hiyo.

Bima hailipi?

Hapana. Bima ya ndege hulipa ajali. Kuchakaa, kuharibika kwa mtambo na kukosa mapato kwa sababu ndege imeegeshwa kwa kawaida havimo.

Ndege ninayopanda Kisumu kwenda Nairobi ina injini hizi?

Ukipanda Jambojet, la. Jambojet hutumia Dash 8-400, ndege ya rafadha mbili unazoziona zikizunguka nje ya dirisha. Injini yake, PW150A, hutengenezwa na Pratt & Whitney Canada, kampuni dada, lakini si GTF. Embraer 190 za Kenya Airways nazo zina injini za GE.

Ama kuhusu hatari: ndege kuegeshwa ndiyo dalili kwamba ukaguzi unafanya kazi. Niwe na hofu na nani zaidi, anayeishusha injini kwa siku 300 au anayesema "twende tu, itafika"? Barabara yetu ya Kericho imetujibu swali hilo kwa vifo vingi.

Nauli zitapanda?

Ndege zikipungua na abiria wakabaki wale wale, viti huwa adimu na bei hupanda, hasa Desemba watu wanaporudi nyumbani. Dreamliner hubeba mizigo pia tumboni mwake, kwa hiyo mkulima wa waridi Naivasha na msafirishaji wa minofu ya mbuta huathirika nafasi hiyo ikipungua, ijapokuwa kuna ndege maalumu za mizigo. Injini za akiba nazo zimepanda bei kiasi kwamba ndege za Airbus ambazo bado changa zimekatwa vipande ili injini zake zitumike kwingine. Mtu anakata ndege nzima ya miaka michache ili apate injini mbili!

Safari yangu imefutwa kwa sababu ya injini. Mimi abiria nalipwa na nani?

Unadai shirika lako la ndege. Mtengenezaji huna mkataba naye.

Haki zako zinategemea ulikotoka. Ukiondoka nchi ya Umoja wa Ulaya, au ukielekea huko kwa shirika la Ulaya, sheria yao hutoa yuro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Kutoka Ulaya hadi Nairobi ni 600. Mashirika hupenda kusema hitilafu ya injini ni jambo lisilozuilika. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa hoja hiyo 2008, katika kesi dhidi ya Alitalia iliyohusu hitilafu ya turbini: matengenezo ni sehemu ya kazi ya kila siku ya shirika. Lakini Juni 2024 mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba kasoro iliyofichika ya kiwandani inaweza kuhesabiwa kuwa jambo la dharura, na hapo shirika hubaki na wajibu wa kuonyesha kwamba lilichukua kila hatua inayofaa. Muulize basi aliyekunyima: kasoro ni ipi, ya matengenezo au ya kiwandani?

Mama mkwe wangu alikwama siku mbili akitoka Ujerumani kumtembelea binti yake. Shirika, ambalo silitaji, lilimjibu kwa sentensi moja kwamba injini ilipata hitilafu na hakuna malipo. Tuliandika barua nne na ikachukua miezi saba. Kilichomsaidia ni kwamba hakutupa kitu: pasi ya kupandia, risiti ya chakula, ujumbe wa simu wa kufuta safari, vyote alivifunga kwenye leso akaja navyo Kisumu.

Kwa safari nyingine za kimataifa kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama. Huo hulipa hasara unayoweza kuithibitisha kutokana na kuchelewa, kwa kiwango cha juu kilichowekwa, na shirika linaweza kujitetea. Kwa safari za ndani, soma masharti ya tikiti na upeleke malalamiko kwa shirika kwa maandishi kwanza, kisha kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya.

Tuna hisa za Kenya Airways. Tutazame nini kwenye hesabu?

Hisa hizo zilisimamishwa kuuzwa Soko la Hisa la Nairobi kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025, na wanachama wetu watatu walikaa nazo miaka yote hiyo bila kuweza kuziuza hata kulipa karo. Machi 2025 ikatangazwa faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya miaka 11, na tulishangilia pamoja. Sehemu ya faida hiyo ilitokana na kuimarika kwa shilingi yetu dhidi ya dola. Miezi mitano baadaye ikaja hasara ya bilioni 12.

Shirika lolote likiandika neno fidia, naangalia imeandikwa wapi. Ikiwekwa kwenye mapato mengine, naitoa kisha nasoma faida upya, kwa sababu mwakani haitakuwepo. Ikipunguzwa kwenye bei ya injini mpya, haionekani kama faida leo. Itaonekana kidogo kidogo kwa miaka. Ikiwa bado ni deni ambalo mtengenezaji anadaiwa, natafuta maelezo ya wakaguzi kuhusu lini italipwa. Halafu naenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha kuona ni kiasi gani kilichoingia benki kweli, na idadi ya ndege zilizokuwa zikiruka siku ripoti ilipofungwa.

Matokeo ya mwaka mzima kwa kawaida hutoka Machi. Jumamosi inayofuata tutakutana ukumbini kama kawaida, na tafadhali kila mmoja aje na nakala yake iliyochapishwa, maana kwenye simu jedwali la fedha halisomeki.